Binti Yangu Amekwama Mguu Mmoja Juu

Sibomana Yusufu, Fundi Cherehani
Rwezamenyo, Kigali

Kwa Mzee Gasana Idrisa,
Msemaji wa ukoo wa muoaji,
Kicukiro

Mzee mwenzangu mheshimiwa,

Asalaam alaikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa, na ikiwezekana umeshakula, maana ukishaisoma hamu ya chakula itakutoka. Jumamosi ijayo mnakuja kwangu kwa ajili ya gusaba, kumwomba binti yangu Leila awe mke wa mpwa wako Nasiri. Naandika kwa adabu zote kukuomba msije.

Sababu ni bodi. Mpwa wako, ambaye mnatuambia ni mtaalamu wa kompyuta huko Busanza, aliniletea zawadi ya uchumba: kompyuta isiyo na kifuniko wala sura, bodi ya kijani isiyozidi kipande cha sabuni. Akaiunganisha na skrini mlangoni mwa duka langu la ushonaji ili ionyeshe filamu ya dakika moja. Leila amevaa mushanana, vazi letu la sherehe, niliyoishona mimi, anatembea kutoka upande huu wa skrini hadi ule, anatabasamu, anatoka. Siku mbili za kwanza alitembea vizuri. Tangu siku ya tatu anajikokota, na malalamiko yangu ni haya:

1. Leila ameinua mguu na haushushi. Jana niliipima filamu kwa saa ya ukutani: dakika moja ilichukua dakika ishirini na saba. Najua wahenga walisema haraka haraka haina baraka, lakini hawakuiona skrini hii. Wateja waliokuwa wakija kuchagua mshono sasa wanakuja kucheka. Nyirarukundo, anayeuza maziwa ng'ambo ya barabara, ananiuliza kila asubuhi, "Baba Leila, mutoto bado hajafika? Iko anasimama tu?" Mwanamke huyo hajanisalimia kwa furaha namna hiyo kwa miaka kumi na minne.

2. Nilimpigia simu mtaalamu wetu. Akasema nibadilishe chaja, huenda umeme hautoshi. Nikabadilisha. Akasema nipunguze ubora wa picha. Mzee Gasana, nimeshona miaka thelathini na tisa na sijawahi kupunguza ubora wa chochote, lakini nilipunguza. Leila akapoteza pua, na mguu ukabaki pale pale.

3. Kisha akauliza kama bodi ina joto. Bila shaka ina joto! Nimeivalisha. Hapa nieleze, nisije nikaonekana mzembe. Bodi hiyo ilifika kwangu uchi, waya nje nje, na huu ni msimu wa mvua. Kwa fundi kama mimi hakitoki kitu uchi, wala hakikai. Basi siku ile ya tatu niliishonea koti la sufu, bitana ya sponji, kola na vifungo vinne. Bwana harusi mwenyewe angelionea wivu.

4. Akauliza tena kama kuna kitu kinachoizibia hewa, eti ni lazima ipumue. Nikamjibu hakuna. Koti si kizibo, koti ni heshima. Na kama kweli inapumua, mbona hakusema mapema niitengee na sahani? Huyu ndiye mnayetaka nimkabidhi mwanangu wa pekee: kijana anayetafuta pumzi kwenye plastiki.

5. Akaomba aje aiangalie mwenyewe. Nilikataa. Tangu tupange tarehe, mlango wangu haumjui mpaka aombewe. Leo atakuja kwa sababu ya waya, kesho kwa sababu ya chai.

6. Hesabu, na hili ndilo linaloniuma. Ikiwa dakika moja mikononi mwa Nasiri ni dakika ishirini na saba, basi akisema atamleta Leila kunisalimia baada ya wiki moja, nitamwona baada ya wiki ishirini na saba. Akisema wako njiani, nifunge duka nilale. Na mjukuu je? Miezi tisa mara ishirini na saba ni miaka ishirini na robo. Mimi nina sitini na mmoja. Nitampakata mtoto huyo nikiwa na themanini na mmoja, Mungu akipenda, mikono ikitetemeka kuliko skrini yenyewe.

Kwa hiyo naomba gusaba iahirishwe mpaka Leila ashushe mguu. Mkikataa, basi njooni, lakini tutakwenda kwa mwendo wa bodi yenu. Wewe utatoa salamu Jumamosi, mimi nitaitikia kiangazi, na ombi lenyewe tutalisikiliza mwaka kesho kutwa. Vinywaji mje navyo vya kutosha.

Nisalimie mama wa nyumbani kwako, watoto, majirani wote wa Kicukiro na imamu wenu. Nasiri pia msalimie, ila salamu zake zimfikie polepole.

Ni mimi, ambaye subira imenishinda,
Sibomana Yusufu, Baba Leila

Nyongeza: Nilipokwisha kutia sahihi, niliivua bodi koti lake nikalifue, maana huenda mkaja, na wageni hawaonyeshwi madoa. Nikiwa bado kwenye beseni, nikamsikia Nyirarukundo akipiga vigelegele. Nikageuka. Leila alikuwa ameshusha mguu. Akatembea, akatabasamu, akatoka. Dakika moja kamili, kama alivyosema Nasiri. Skrini ikabaki tupu kabla filamu haijaanza tena.

Mzee Gasana, sikujua kwamba dakika moja ni fupi hivyo. Kijana hana kosa. Jumamosi njooni, na barua hii uichane. Mushanana ya siku hiyo iko tayari tangu mwezi uliopita, ingawa Leila nimemwambia bado upindo. Koti limeshakauka, nimeivalisha bodi tena na kufunga vifungo vyote vinne. Nitaivua Jumamosi asubuhi.