Ombi la Kumnyima Nafasi Mtoto Anayekunja Mkeka Wake Mwenyewe

Kwako Mwalimu Mkuu,
Shule ya Awali ya Montessori,
Nyumba yenye geti la kijani, mkabala na duka la vioo.

Kuhusu: Mtoto wetu asipewe nafasi

Mheshimiwa Mwalimu Mkuu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, na watoto wote wameshanawa mikono bila kusaidiwa. Mimi ni yule msichana aliyekuja kwenu Jumamosi iliyopita akasimama karibu na mlango. Huenda hukuniona. Watu wengi hawanioni, na kwa kawaida sina neno juu ya hilo. Lakini safari hii ninayo maneno saba, nami nimeyapa namba ili yasikuchoshe.

Mtoto anayeombewa nafasi ni wa dada yangu. Ana miaka mitatu na miezi minne, na nyumbani tunamwita Chiriku kwa sababu hanyamazi. Mimi ananiita Mamdogo. Tangu nimalize mtihani wa mwisho ninakaa kwao nikimlea, maana dada ni muuguzi, shemeji ni fundi wa lifti, na wote hutoka asubuhi. Imekubaliwa kwamba Chiriku akipata shule, mimi nirudi kwa mama yetu nikasubiri matokeo huko. Begi langu lipo tayari nyuma ya mlango. Kwa hiyo nafasi moja mtakayoitoa ninyi itaondoa ile moja niliyo nayo mimi. Nalisema hili mapema ili usije ukadhani nina sababu binafsi. Sina. Malalamiko yangu ni ya kielimu tu.

1. Hamkujisifu. Tulizunguka shule tatu, na dada alikuwa na daftari la kuzilinganisha. Ya kwanza ilikuwa na spika mbili kubwa uani na katuni ukuta mzima. Mwenye shule alituahidi kwamba mwaka ukiisha mtoto atasoma gazeti. Shemeji akauliza, "Gazeti zima?" Akajibiwa, "Mpaka ukurasa wa michezo." Ya pili hatukuonyeshwa darasa, tulionyeshwa basi. Tuliingizwa ndani, tukakaa, tukafunga mikanda, tukateremka. Hayo ni mambo ambayo mzazi anaweza kwenda kuwasimulia wenzake kazini. Kwenu, dada aliuliza mtoto atakuwa anajua nini mwisho wa mwaka, nawe ukamjibu, "Tutamwangalia, yeye atatuonyesha." Dada aliandika jibu hilo daftarini, akaweka alama ya kuuliza, kisha akaipigia mstari alama ya kuuliza. Mpaka leo hajui alijibiwa nini.

2. Mlimpa mtoto mtihani ambao hatukuwa tumejiandaa nao. Muuguzi mwenzake dada alimwambia kwamba usaili wenu ni mkali. Basi kwa wiki mbili nyumba nzima ilisoma. Tulimfundisha Chiriku herufi zote, kuhesabu hadi hamsini, na rangi kumi, pamoja na zambarau, ambayo shemeji mpaka sasa anaiita bluu ya huzuni. Siku ilipofika, mwalimu wenu hakuuliza hata rangi moja. Alimpa jagi dogo la maji na bilauri mbili, akakaa chini, akanyamaza. Shemeji alivumilia dakika nne. Kisha akanong'ona kwa ile sauti anayotumia kumwita mwenzake aliye ghorofa ya sita: "Chiriku! Mwambie mwalimu, baada ya thelathini na tisa inakuja ngapi!"

Chiriku akamjibu bila kugeuka, "Baba, namimina."

3. Maji yalipomwagika, mlimzuia mzazi. Dada aliruka na kitambaa chake. Mwalimu akamwambia kwa upole kabisa, "Mama, tafadhali rudi kitini." Mheshimiwa, dada yangu ni muuguzi wa wodi ya upasuaji. Hajawahi kurudishwa kitini na mtu asiye daktari, na hata madaktari huanza kwa kumwomba radhi. Lakini alirudi. Alikaa kwenye kile kiti chenu kifupi, magoti yamemfika kidevuni, mikono inapangusa hewa. Chiriku akayatazama maji. Akakitazama kitambaa kilichotundikwa ukutani, chini kabisa. Akakichukua, akapangusa, akakirudisha. Wakati wote huo hakunitazama. Nyumbani kitu kikimwagika, jambo la kwanza analofanya ni kunitazama mimi.

4. Mkeka. Chiriku aliona kwenu kwamba mtoto akitandika mkeka wake, hapo ni mahali pake pa kazi na hakuna ruhusa ya kupakanyaga. Nyumbani kwetu ukumbi ni mwembamba, na ndio njia pekee ya kwenda msalani bila kutoka nje. Jumapili alitandika mkeka katikati ya ukumbi akaanza kupanga vifuniko vya chupa, vikubwa kwa vidogo. Siku hiyo hiyo alikuja msimamizi wa shemeji kazini, mtu mzito, anayeogopwa katika majengo yote marefu ya mji huu. Akainuka kwenda msalani.

"Usikanyage kazi yangu," Chiriku akamwambia.

"Sasa mimi nipite wapi, mama?"

"Zunguka."

Msimamizi alitoka mlango wa mbele, akapita nyuma ya nyumba kwenye manyunyu, akaingilia jikoni nilipokuwa naosha sufuria. Alinisalimia kwa adabu kana kwamba ndiyo njia ya siku zote. Shemeji alikuwa ameshaanza kutoa jasho. Msimamizi aliporudi, amelowa mabega, alisema, "Nina mafundi kumi na wawili, na hakuna hata mmoja anayelinda eneo lake la kazi namna hii. Akikua mnileteeni." Tangu hapo shemeji anatamba na habari hii kila mahali, na mkeka hauondoki ukumbini mpaka kazi iishe.

5. Mmevuruga urefu wa nyumba. Dada aliporudi kutoka kwenu aliteremsha kila kitu ili mtoto akifikie mwenyewe. Vikombe vimehamia rafu ya chini. Taulo ziko chini. Ndoano za makoti ziko usawa wa goti. Shemeji, ambaye kazi yake ni kupandisha watu juu, sasa hutundika koti lake akiwa amepiga magoti. Na akishamaliza chai, Chiriku humwuliza, "Baba, umemaliza? Basi rudisha kikombe ulipokitoa." Naye anarudisha! Dada alimwomba kwa miaka mitano aondoe kikombe mezani. Alimwomba kwa upole, kwa hasira, na mara moja kwa barua. Sasa ameshindwa hata kufurahi, anasema, "Kumbe ulikuwa unaweza."

6. Hapa naomba unisamehe, kwa sababu hili linanihusu kidogo. Zamani asubuhi zangu zilijaa. Nilimvalisha Chiriku, nilimfunga vifungo, nilimchana nywele, nilimlisha, nilimfuta pua, nilimtafutia soksi aliyoikalia. Sasa gauni moja linachukua nusu saa, na nusu saa hiyo yote mimi nimesimama tu. Juzi nilinyoosha mkono nimfunge kifungo kimoja, cha juu kabisa, kile kinachokaa chini ya kidevu, ambacho mtu hawezi kukiona hata akijitahidi. Aliweka kiganja chake kifuani pangu akasema, "Mamdogo, rudi kitini."

Nikarudi. Sikuwa nimekaa kwenye kiti chochote, ikabidi nikakitafute.

7. La mwisho ndilo zito. Tulipokuwa tunaondoka, mwalimu aliwaaga dada na shemeji, kisha akanigeukia mimi mlangoni akauliza, "Na wewe, umeona nini?" Mheshimiwa, tangu nimalize shule hakuna aliyeniuliza nimeona nini, isipokuwa kama nimeiona rimoti. Nilishika kitasa. Nikasema, "Nimeona hakututazama." Mwalimu akasema, "Ndiyo," akaandika kwenye karatasi yake. Aliandika nilichosema. Siku tatu nzima nilikuwa nafagia huku nawaza jibu refu zaidi ambalo ningempa. Shule haifai kumwuliza mtu swali la namna hiyo halafu imwache arudi nalo nyumbani.

Sasa, Mheshimiwa, naomba utazame mbele nami nilikotazama. Hii yote ni kazi ya asubuhi moja tu. Mkimpa mwaka mzima, mambo yatakuwaje? Akifika miaka minne atakuwa anajipeleka kliniki. Akifika mitano atajiandikia mwenyewe karatasi ya ruhusa, na sababu atakayotoa itakuwa ya kweli. Akifika sita atahudhuria kikao cha wazazi kwa niaba ya wazazi, na wazazi watabaki nyumbani wakirudisha vikombe. Na ninyi mna watoto ishirini na wanne chumba kimoja. Miaka kumi ikipita, mji mzima utakuwa umejaa watu wanaopangusa walichomwaga, na milangoni tutakuwa tumesimama sisi, kina mamdogo, kina shangazi na kina bibi, kila mmoja na kitambaa kikavu mkononi. Nani atatuhesabu? Nani ameandaa mafunzo kwa ajili yetu?

Kwa heshima zote, nina maombi matatu, na lolote mtakalolichagua nitashukuru.

Kwanza, mtujibu kwamba mmejaa. Hautakuwa uongo mkubwa, kwa sababu shemeji alipokaa chumba kilionekana kimejaa kweli.

Pili, kama ninyi si watu wa kudanganya, mchukueni shemeji badala ya Chiriku. Herufi anazijua, hadi hamsini anafika, zambarau mtamrekebisha taratibu. Akipata mkeka wake hatawasumbua.

Tatu, kama hayo mawili hayawezekani, basi mumfundishe Chiriku somo moja ambalo sikuliona kwenye rafu zenu. Mumfundishe kila siku kuomba msaada wa jambo moja analoliweza. Liwe dogo tu. Hata hicho kifungo cha juu kinatosha.

Dada amenikabidhi fomu yenu niilete kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Naileta pamoja na barua hii, kwa sababu sijazoea kupoteza vitu vya watu, ingawa jana nilijaribu mara mbili.

Salamu nyingi kwa mwalimu wa jagi la maji, ambaye sauti yake haipandi hata kidogo. Salamu kwa mlinzi wa geti, aliyeniita "mzazi" na sikumsahihisha. Salamu kwa mpishi, kwa yule mtoto mwenye miwani aliyekuwa akipanga vijiti kuanzia kifupi hadi kirefu, na kwa sungura wenu. Dada na shemeji wangewasalimu pia kama wangejua kwamba ninaandika.

Ni mimi, kwa masikitiko na kwa mwandiko wangu bora,

Mdogo wake mama wa mtoto aliyemwaga maji.

Nyongeza: Mheshimiwa, nilipokuwa naikunja fomu niitie kwenye bahasha, nimegundua kwamba ina ukurasa wa tatu. Nyumbani hakuna aliyefika huko. Dada alisaini wa kwanza akiwa amesimama, ameshavaa sare ya zamu, na shemeji husema maelekezo huandikwa kwa ajili ya watu wasio mafundi. Ukurasa huo unasema kwamba watoto huondoka saa sita na nusu mchana, na kwamba mtoto hakabidhiwi mtu yeyote ila yule aliyeandikwa hapo. Dada hutoka wodini saa kumi na moja. Shemeji hutoka lifti zikipenda. Nimempigia dada simu. Ameuliza, "Saa sita na nusu ya mchana huu huu?" Nikamwambia ndiyo. Nikasikia mtu anamwita huko wodini. Akasema, "Basi toa nguo kwenye begi," akakata.

Kwa hiyo naomba uyafute malalamiko yangu, la kwanza hadi la saba, pamoja na maombi yote matatu. Tafadhali msiseme mmejaa. Mtoto ana bidii, hachagui rafiki, na kukaa na kazi moja mpaka iishe anaweza kuliko sisi wote. Ningeandika barua nyingine safi, lakini leo ndiyo Ijumaa, na saa tano na nusu imeshapita. Ukurasa wa tatu nimeujaza mimi mwenyewe, kwa wino. Penye "Uhusiano na mtoto" mmeacha nafasi fupi sana. Nimeandika Mamdogo, na limeenea.