Kodi ya Ekari Themanini Zinazozamisha Trekta

Kwa Mwenyekiti,
Bodi ya Rufaa za Kodi ya Ardhi,
Kaunti ya Plum Fork, Nebraska.
Juni, siku ya mvua, la sivyo ningekuwa shambani.

Ndugu Mwenyekiti Duane Hruska,

Salamu nyingi, na pole kwa goti. Nakuandikia rasmi, nimevaa hata shati la Jumapili, kwa sababu nilipokueleza jambo hili kwenye meza ya kahawa pale ghala la ushirika ulinijibu, "Leland, hapa nanywa kahawa. Ukitaka bodi ikusikie, andika." Haya, nimeandika.

Nimepokea ilani ya mthamini wa kaunti, Bi. Marnie Tesdahl, kwamba zile ekari themanini za kijitoni zimepanda thamani kwa theluthi nzima tangu mwaka jana. Mimi nimekaa nazo mwaka mzima na sijaziona zikifanya lolote la kustahili kupandishwa cheo. Kodi ikibaki hivyo itabidi tuziuze, na mnunuzi ni mmoja tu: shemeji yangu Verlyn Sedlacek wa ng'ambo ya ua, anayezikodolea macho tangu baba mkwe alipompa mke wangu Arlys siku ya harusi yetu, badala ya kumpa yeye, mwanawe wa kiume. Na mjukuu wetu Tessa anataka kuzilima akimaliza shule. Sijui nitamwambia nini huyu mtoto. Kwa hiyo naleta malalamiko yangu kwa namba, kama mtu mwenye akili timamu.

1. Ilani inasema ardhi hii ni "ya umwagiliaji, daraja la kwanza." Umwagiliaji upo, sikatai. Theluji ikiyeyuka kijito hupanda chenyewe bila kuitwa, kikamwagilia shamba, ua na kiti cha trekta. Mwaka huu trekta ilizama mpaka kwenye taa. Fundi aliyekuja kuivuta akazama naye. Aliyekuja kumvuta fundi ni Verlyn, na alicheka kwanza, akavuta baadaye. Kofia yangu bado imo humo, na natumaini haijathaminiwa.

2. Nilikwenda ofisini kuuliza bei hizi zinatoka wapi. Binti wa dirishani alinijibu kwa adabu, "Mzee Kudrna, tunaangalia mashamba ya majirani yameuzwa kwa kiasi gani." Haya. Jirani aliyeuza ni mjane Pospisil, na aliyenunua ni daktari wa meno kutoka Omaha, anayekuja mara chache kuwinda ndege na kuwakosa. Siku ya mnada alitaja bei, hata dalali akamuuliza kama anajisikia vizuri. Baadaye nilimkuta kwenye ua nikamuuliza amenunua nini hasa. Akasema, "Machweo, bwana! Umewahi kuyaona machweo ya hapa?"

Kwa hiyo mimi, Duane, nalipia machweo. Tangu siku hiyo jua likianza kuzama nageuza mgongo na kulitazama zizi la nguruwe, nisije nikaonekana natumia mali nisiyoimudu. Kama kaunti inayataka hayo machweo, mje myachukue. Mje na gari kubwa.

3. Shule. Najua kodi yenyewe inakwenda shuleni, na sina ugomvi na watoto. Tessa yupo palepale, anapuliza lile tarumbeta nene linalomzunguka mwilini, na akifanya mazoezi nyumbani ng'ombe wote huhamia upande wa pili wa malisho. Nampenda na tarumbeta lake. Lakini ule ubao mpya wa matokeo uwanjani ni mkubwa kuliko banda langu la mashine, tena una taa pande zote mbili. Za nini? Wanaopata pointi ni wageni. Upande wetu ingepakwa sifuri moja kwa rangi nyeupe, tukatulia.

4. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Agosti iliyopita Bi. Tesdahl alikuja kukagua. Yeye ni mtu wa mjini, mgeni kwetu. Wewe unajua kwamba Agosti tunafunga milango ya magari hata kanisani, si kwa kuogopa wezi, bali majirani wasije wakatujazia viti maboga machanga yaliyowashinda kula. Maskini, mama wa watu alikuja na vioo wazi! Arlys akamkaribisha kahawa na kolache, vile vimkate vitamu vya plamu, na alipokuwa anakula mimi nikafanya kama uungwana unavyotaka. Nikamjazia gari maboga, matango, nyanya na mahindi mabichi mpaka kioo cha nyuma kikaziba. Alishukuru karibu alie. Kisha akarudi ofisini akaandika, "Udongo una rutuba ya ajabu."

Ukarimu wangu umegeuzwa ushahidi, Duane! Tena aliniuliza mavuno yatakuwaje, nikamjibu kama kila mkulima wa hapa anavyomjibu kila mtu, hata daktari wake: "Tutaona." Kumbe mwenzangu alikuwa ameshaona, kiti cha nyuma.

5. Baada ya kutafakari sana juu ya trekta nikisubiri kuvutwa, nimepata suluhisho. Nyumba za ibada hazitozwi kodi. Basi naomba ekari zote themanini zisajiliwe kuwa kanisa. Hakuna mahali katika kaunti hii jina la Mungu limetajwa mara nyingi kama pale, hasa gurudumu la nyuma linapoanza kuzunguka bure. Arlys anasema mpangilio wa maneno haukuwa wa sala. Hilo ni suala la madhehebu. Ubatizo umeshafanyika: mimi, fundi, na mbwa. Kwaya ya vyura ipo kila jioni na haidai mshahara. Makaburi yapo, maana mbwa wa zamani tulimzika karibu na daraja.

Kama kanisa ni gumu, basi pasajiliwe ziwa, nami nitanunua mtumbwi na kuwa mvuvi, kazi ambayo sijawahi kuona ikipandishiwa kodi. Na kama ziwa nalo mnalikataa, naomba bodi ifanye kikao chake katikati ya shamba lenyewe. Mje mmevaa viatu mnavyovipenda.

Natania, Duane, lakini ukweli ni kwamba naogopa. Tulikosana na ukame, tukakosana na mvua ya mawe, na bado tupo. Itakuwa aibu tukifukuzwa na daktari wa meno. Kwa ufupi, shamba langu ni tope tupu, ni ardhi mbovu kuliko zote za kaunti hii, na yeyote asemaye vinginevyo hajawahi kulikanyaga.

Msalimie mkeo Carol, mama yako, mchungaji, na wote wa meza ya kahawa isipokuwa Verlyn, ambaye nitamsalimia mwenyewe siku atakapokumbuka kunirudishia ngazi yangu.

Ni mimi, katika tope la daraja la kwanza,
Leland Kudrna

N.B. Nilikuwa nimeshatia sahihi, mara Verlyn akaingia na ngazi. Akaiona ilani yangu mezani. Akatoa ya kwake mfukoni, maana anatembea nayo huyu mtu, akaiweka kando ya yangu. Ya kwake imethaminiwa juu kuliko yangu! Kila ekari! Akanipigapiga begani, "Usijali, shemeji. Si kila mtu anajaliwa udongo mzuri."

Duane, huu ni uonevu. Kijito ni kilekile, udongo ni uleule, na mahindi yangu mwaka jana yaliyapita yake kwa urefu, barabara nzima iliona. Naomba bodi ifute namba 1 hadi 5 na kunipandisha mara moja, angalau dola moja kwa ekari juu ya Verlyn. Trekta ilizama kwa sababu udongo wenyewe ni mwingi. Kanisa mliache. Na machweo yanaonekana vizuri zaidi upande wangu, wake umezibwa na banda.

N.B. ya pili, kwa mwandiko mwingine. Duane, ni mimi Arlys. Ameyaandika hayo nyuma ya karatasi yenye sahihi, la sivyo ningeyakata kwa mkasi. Wewe soma mpaka kwenye salamu, uishie hapo. Hati ya shamba ina jina langu, na wa kukata rufaa ni mimi. Nitakuja kwenye kikao na mabuti ya Leland kama yalivyotoka kijitoni, pamoja na Tessa, ambaye atakuja na tarumbeta endapo bodi itachelewa kuamua. Leland na Verlyn nimewaacha kwenye ua wa mpakani wanapimana mahindi kwa ngazi. Watu wa hapa wanauliza mpaka leo kwa nini baba aliwapita wanaume wote akanipa mimi zile ekari. Sababu umeisoma.