Kofia ya Nyaya Kichwani mwa Mama

Jumatatu, 3 Machi

Mama ameniuliza mimi ni mtoto wa nani. Mimi! Kaimenyi, kitinda mimba wake, ninayeishi naye boma moja hapa Kiirua! Kisha, kwa sauti tamu, akauliza kaka yangu Mwirigi atakuja lini. Mwirigi anafundisha mjini Runyenjes, huja Krismasi kula kuku. Niliumia. Nikaenda dukani kwangu bila kunywa chai.

Ila watafiti wa ubongo wamefika ukumbi wa kanisa. Wanawavisha wazee kofia yenye nyaya, wanawaonyesha picha za watu, na mashine inachora mstari. Ubongo ukiijua sura, mstari unaruka. Daktari wao, Purity Wambura, amesema wanatafuta namna ya kuwasaidia wanaosahau. Sawa. Mimi natafuta ushahidi. Mashine haina upendeleo, itasema ni nani yumo kichwani mwa mama.

Jumanne, 4 Machi

Daktari ametaka picha za watu wa karibu. Mwirigi ametuma yake kwa simu, amevaa tai. Tai! Nimesahau kuipeleka, kwa makusudi. Mahali pake nimeweka ya Bundi, yule anayekusanya maziwa kwa pikipiki. Nani amkumbuke Bundi? Zangu nimepeleka nyingi, hata ya harusi. Mke wangu Karwirwa ameniuliza kama sina haya. Nimemwambia sayansi ni sayansi.

Alhamisi, 6 Machi

Siku mbaya. Mama aliketi na kofia yake, mpole kama bibi harusi. Picha zangu zikapita. Mstari kimya. Ya harusi, kimya vilevile. Ikaja ya Bundi. Mstari ukaruka! Mama akatabasamu, akaiuliza picha kama imekunywa uji.

Nikadai mashine ni mbovu. Daktari akasema kwa upole kwamba haipimi mapenzi. Ubongo unaosahau hushika kinachorudi kila siku. Akauliza mama huonana na nani kila siku. Karwirwa akanitangulia kujibu: Bundi, kila asubuhi, wanaambiana muga, salamu yetu ya Kimeru, na kuulizana habari za ng'ombe. Mimi hutoka mama hajaamka, nikarudi ameshalala. Daktari akanishauri niketi naye asubuhi, tumenye viazi pamoja, nisimhoji chochote. Nilienda nyuma ya tangi la maji nikalia.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeelewa! Kinachorudi kila siku! Lakini mvua inakaribia, na asubuhi ndipo wateja wa mbolea hujaa dukani. Nimeenda Meru mjini kwa wale wanaochapa mabango ya wanasiasa. Uso wangu, mrefu kuliko mlango. Nimeupigilia misumari ukutani, mkabala na kitanda cha mama. Karwirwa amesema viazi vingetosha. Wanawake hawaelewi sayansi.

Jumapili, 23 Machi

Nimetoka kanisani nikamkuta mama akiongea na bango. Analiambia limekonda, lisikae na njaa huko dukani. Analipangusa vumbi shavuni kwa leso. Analiita Kaimenyi! Nikaingia mbio, nikamwambia ni mimi, ni mimi!

Mama akanitazama sana. Akanieleza, kwa heshima anayompa mgeni, kwamba Kaimenyi ni huyo pale. Mwanawe. Zamani alikuwa haonekani, kazi nyingi, lakini siku hizi hatoki kando yake. Kisha akanivutia kiti, akaniuliza nimetoka mbali, na kama mama yangu yu hai.

Sikuketi. Nilitoka nje nikampigia Mwirigi kumwambia nimeshinda, mama ananitambua mimi na si yeye. Akauliza kama mama amekula. Nikakata simu, huo ni wivu mtupu.

Karwirwa akapita na karai la viazi, akaketi kwenye kile kiti. Niliwasikia wakicheka.

Kesho nachapisha bango la pili, la jikoni, mama asinikose hata akimenya viazi.