Uji wa Mvara, Udongo wa Koboko

Jumatatu, 2 Septemba 1974

Nilichoficha ni hiki: hamira yetu si pombe. Haijawahi kuwa pombe! Tangu hamira ya dukani ipotee Arua, naumua unga kwa uji mchachu wa wimbi. Uvumi wa machicha ya pombe ya kwete niliueneza mwenyewe, ili Sadiya, msimamizi wa tanuri la Koboko, Mwislamu wa swala tano, asithubutu kuuliza. Ushirika mmoja, matanuri mawili, siri yangu. Kifua kimekwisha. Hasira bado nzima.

Jumatano, 4 Septemba

Okuonzi, katibu wa ushirika, kaketi kando ya kitanda changu bila kuombwa. Mkate wa Koboko unatoka bapa kama kandambili, asema. Mwisho wa mwezi atafunga tanuri na wanawake wote watapoteza kazi. Ati nigawane nao maarifa. Kugawana! Nilimuuliza mbona wao hawatuambii kwa nini tanuri lao halipasuki, na letu hapa Mvara ni nyufa tupu. Akajibu kwamba hatujawahi kuwauliza. Mjinga. Ukiuliza, nawe utaulizwa.

Binti yangu Candiru alinisihi nife na moyo mweupe. Nikamwambia afunge dirisha.

Ijumaa, 6 Septemba

Sadiya kaja mwenyewe, vumbi hadi kwenye nyusi. Kabla sijamaliza kukohoa akamwaga siri yao yote: udongo wa kichuguu, nyasi zilizokatwakatwa, vikandwe pamoja, viachwe vilale. Hakutaka hata kubembelezwa! Nikashindwa. Nikasema: si pombe, ni uji wa wimbi uliochacha.

Sadiya akajifuta vumbi usoni. “Mzee, miaka yote iko uji tu? Na mimi nilikuwa naombea wewe kwa Mungu.”

Candiru alilia. Nilijiona mtakatifu mpaka wakati wa chai.

Jumapili, 8 Septemba

Nachemka. Sadiya alipoaga juzi alisema, kwa upole wa kuudhi, kwamba mkate wa matanga yangu atauoka yeye. Matanga yangu! Mvara nzima itafune mkate wa Koboko na kuusifu, nami nimelala pale siwezi kujibu! Kisha akauliza kama katika uji kuna kingine. Nikasema hakuna.

Leo mafundi wameziba nyufa zetu kwa udongo wa kichuguu. Kazi safi sana.

Kesho Okuonzi anakwenda Koboko. Kaniuliza kama nina neno. Nimetuma salamu.

Kuna kimea: punje za wimbi zilizooteshwa na kusagwa. Bila hicho, uji wangu hauumui kitu. Sikumtajia.