Nondo Hapandi Bila Mkanda

Redio ya Mama Tangawizi, muuza kahawa kando ya saiti, ilikuwa haijamaliza habari, kijiwe kikalipuka.

"Mmesikia hiyo?" Randa, fundi seremala, alisimama na kikombe chake cha kahawa. "Zabuni zote za serikali, vifaa vya usalama vinawekewa fungu lake. Marufuku kupunguza hapo ili uonekane wa bei ya chini. Bei Poa, umekwisha!"

Bei Poa, mkandarasi aliyepata jina kwa kushinda kila zabuni kwa bei ya kutupa, alisonya. "Mambo ya watu wa ofisini hayo. Mbona kofia ngumu ninazo?"

"Zako? Wakija wakaguzi si zinarushwa juu ya ukuta kutoka saiti ya jirani! Juzi nimevaa moja ina jasho la mtu mwingine, bado la moto!"

Watu wakaangua kicheko. Nondo hakucheka. Yeye ndiye mfunga nondo wa Bei Poa, na asubuhi hiyohiyo alitakiwa apande ghorofa ya nne, ukingoni kabisa, bila mkanda wa kumshika. Akikataa, kazi hana. Akikubali, nyumbani mkewe ana mimba kubwa, na mama wa huyo mke ndiye Mama Tangawizi anayemmiminia kahawa.

"Bosi," alisema, "mimi leo sipandi bila mkanda."

"He! Umesikia redio mara moja tu, umeshakuwa waziri? Jengo hili nililipata kabla ya sheria yao. Panda leo, mikanda tutaangalia kesho."

"Kesho umfunge nani, maiti?" Mama Tangawizi aliweka birika chini kwa kishindo. "Mwanangu sikumwoza awe mjane, baba!"

"Mama, taratibu. Basi ajifunge kamba, si ile pale?"

"Hapo sasa umesema." Mama akaenda mwenyewe, akaokota kamba ya kuvutia ndoo za zege. Ncha moja akampa mkwewe. Ya pili akamzungushia Bei Poa kiunoni, fundo juu ya fundo, kabla hajajua kinachoendelea. "Haya, nendeni kazini. Mkwe wangu akiteleza, utamshika wewe."

Randa alikaa chini, machozi yanamtoka kwa kucheka. Bei Poa akatazama kamba, akatazama ghorofa ya nne. Kisha akachomoa simu.

"Haloo, duka la vifaa? Leteni mikanda ya kupandia ghorofani. Sasa hivi! ... Bei? Nani kakuuliza bei? Nakuuliza, inashika?"