Kesi ya Kasuku Rufina

Jumatatu, 6 Machi

Jogoo wa Doña Zoila amewika tena nikiwa nimejilaza baada ya chakula cha mchana. Mchana! Nimemlalamikia jirani huyo kupitia ukuta. Akanijibu kwamba mji mzima wa Ambato unalala isipokuwa mimi, basi mgonjwa ni mimi. Ufedhuli mtupu! Na Rufina, kasuku wangu, mwenzangu pekee humu ndani tangu nifiwe na mke wangu, sasa haniiti tena kwa jina. Anawika.

Jumanne, 7 Machi

Dawa imepatikana! Katiba yetu ya Ekuado inaipa asili haki, na wanyama wamo. Yeyote anaweza kuidai mahakamani. Rufina ni asili. Jogoo anamharibu. Nashtaki kwa niaba ya Rufina. Nilipomwambia Doña Zoila ajiandae, alicheka mpaka akashika mbavu. Akasema, "Don Eloy, ndege wangu anatembea, wako umemfungia. Utajitia matatani, shauri yako." Wivu huo.

Alhamisi, 16 Machi

Mahakamani. Rufina kwenye tundu lake, nimelifunga utepe mwekundu. Akawika mbele ya hakimu, ushahidi safi kabisa. Hakimu, mama mpole, akauliza kama huyu ni ndege wa kufugwa tu. Nikapandwa na hasira. Wa kufugwa ni kuku!

"Mheshimiwa, huyu ni asili halisi," nikasema. "Nilimtoa msituni Pastaza kwa mikono yangu, akiwa kinda."

Doña Zoila akajifunika uso.

"Basi, Don Eloy," hakimu akasema, "haki yake iko huko ulikomtoa."

Askari wa mahakama wakambeba. Anapelekwa kwenye kituo kinachofundisha ndege kuishi tena porini. Alipofika mlangoni akaanza kuniita: Eloy, Eloy. Leo ndiyo amekumbuka! Nimelia mbele ya watu, wala sioni haya kuandika.

Jumamosi, 18 Machi

Doña Zoila ameniletea supu ya viazi na jibini. Akanipa pole, akasema mchana atamfungia jogoo. Huruma yake sikuitaka! Supu nimeimaliza, kwa hasira. Sasa kimya kimejaa nyumbani na usingizi hauji.

Nimewaza. Kwani binadamu si mnyama? Si asili? Nazeeka peke yangu kwenye vyumba viwili, katiba ipo, na hakuna aliyenitetea. Aibu kubwa! Jumatatu narudi mahakamani kwa niaba yangu mwenyewe. Hakimu akiuliza nimetolewa wapi, nitasema msituni, Pastaza. Wanipeleke kituo kilekile.