Uzinduzi wa Sindano ya Jicho

Umma unatangaziwa, kwa furaha isiyo kifani, kwamba maradhi ya kiini cha jicho kwa wazee, yale yanayomfuta mtu aliye mbele yako na kukubakishia walio pembeni, hatimaye yameundiwa Kamati. Dawa nayo ilikuwapo. Sindano mpya, za kuchomwa kila baada ya miezi minne badala ya kila mwezi, zilikaa ndani ya friji tangu Rajabu, mlango umefungwa utepe mwekundu, zikimsubiri mgeni rasmi. Kiitifaki, dawa isiyozinduliwa haijawa dawa.

Bwana Abdulrazak, Mratibu wa Kamati, alilijua hilo kuliko daktari yeyote. Daktari Tahiya alipomwendea mara ya tano kumwambia kwamba wagonjwa wanapofuka, na kinachopotea hakirudi tena, alimwonea huruma kwa uchanga wake kazini.

"Wamesubiri miezi yote hiyo, Daktari. Jumamosi tu itawashinda?"

Jumamosi, saa mbili asubuhi, ukumbi wa Shangani ulishajaa. Mwenyekiti alikaa katikati ya meza kuu, friji mbele yake. Akaingia Bi Sichana, mshona kofia wa Matemwe, akampita Mwenyekiti kama hayupo, akaenda kumpa mkono mtu aliyekaa kiti cha ukingoni. Mwenyekiti alinuna. Abdulrazak akamkimbilia bibi.

"Shikamoo, bibi. Mbona Mwenyekiti hukumsalimu?"

"Marahaba. Yuko wapi?"

"Hapo mbele yako, katikati."

"Katikati nnaona moshi tu, mwanangu. Hata kofia nshaacha kushona. Nnayemwona ni huyu wa pembeni."

Huyu wa pembeni alikuwa dereva.

Kikao cha dharura kilichukua dakika nne. Iliazimiwa kwamba, kama hatua ya kwanza ya kuboresha tiba, viongozi wote wahamie pembeni ili wagonjwa waanze kuona. Tatizo, ukumbi una pembeni mbili na viongozi walikuwa kumi na mmoja. Makamu alikataa kushoto katakata. Mhazini alikalia kiti cha dereva na hakubanduka. Abdulrazak, jasho likimtoka, alipima viti kwa utepe wa fundi cherehani, akabembeleza, akapima tena. Katikati palibaki friji na Daktari Tahiya, ambaye cheo chake hakikuhitaji pembeni. Abdulrazak alimwona akimshika mkono Bi Sichana kuelekea chumba cha nyuma, kisha mzee mwingine, kisha mwingine. Hakujali. Mambo ya katikati hayakuwamo tena kwenye ajenda.

Adhuhuri mgeni rasmi akawasili, na hotuba ya kuipongeza Kamati kwa kuona mbali. Akakata utepe, akafungua friji. Ilikuwa tupu. Ukutani walikaa wazee thelathini na mmoja, kila mmoja jicho moja limefunikwa pamba.

"Nani kafanya haya?"

"Mimi," alisema Daktari Tahiya. "Tangu saa tatu sindano nazitoa hapa hapa katikati, utepe nikiufungua na kuufunga tena. Kamati nzima ilikuwapo."

Viongozi kumi na mmoja wakaapa, mmoja mmoja, kwamba hawakuona kitu. Abdulrazak aliapa kwa sauti kubwa kuliko wote.

"Masikini," alisema Bi Sichana, na alisikitika kweli. "Nao wana maradhi yetu haya. Daktari, waandikishe."

Mgeni rasmi akaafiki hapo hapo. Abdulrazak akaandikwa nambari thelathini na mbili, akaonyeshwa benchi, akaambiwa asubiri sindano nyingine zije, na zikija, zizinduliwe.